Seremala wa Miaka Kumi na Tisa

Nyarubungo, Biharamulo
12 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa Marsiana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mabawe na migomba yako imepona ule mnyauko. Huku hatujambo. Baba yuko Nyakahura na ng'ombe wake, goti linamsumbua asubuhi tu. Mama anakusalimu sana. Ng'ombe wao mwekundu amezaa ndama jike mwenye doa usoni, wakampa jina langu, eti naye anapenda kulia kwa furaha.

Shangazi, leo ni siku ya kumi na moja tangu nifunge ndoa na bado nikiamka nageuka kuangalia kama kweli yupo. Yupo! Amelala na mkono chini ya shavu kama mtoto wa chekechea. Ndizeye anapokunywa maji namwangalia. Anapofunga kamba za viatu namwangalia. Juzi akaniambia, "Suzan, utanimaliza kwa macho, bakiza kidogo cha kesho." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilikutafuta kanisani ile tarehe mosi, sikukuona. Baba alisema una maumivu ya mgongo. Lakini zawadi yako ilifika, lile sanduku la mninga lisilo na msumari hata mmoja. Ndizeye amelizungusha na kulipapasa lote, hajaona mbao zilivyoshikana. Nani alilitengeneza? Tunataka atutengenezee kabati.

Ndani yake nimeweka karatasi za Ndizeye, maana sasa nyumba yetu imejaa karatasi. Kumbe kuolewa na mimi hakumpi mtu wa Burundi ruhusa ya kufanya kazi hapa! Mimi nilidhani padri akishasema, serikali nayo imesema. Chama chetu cha ushirika kimejenga mtambo wa kumenya na kuosha kahawa, na kinamtaka Ndizeye awe mwonjaji, kazi aliyoisomea kwao. Wanapanga vikombe mezani, anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kishindo, anatema, kisha anasema kahawa hii ilikaa kwenye maji saa nyingi mno. Kwa kutema tu! Sisi tumelima kahawa tangu enzi za babu, ni nani kati yetu aliwahi kuinywa?

Ila mpaka kibali cha kazi kitoke, haruhusiwi kushika hata kijiko kule mtamboni. Na muhuri wa kuingilia nchini uliomo kwenye pasipoti yake unakwisha tarehe 20 Oktoba. Kibali kisipokuwa kimetoka siku hiyo, lazima avuke daraja la mpakani arudi kwao, na ushirika utatafuta mtu mwingine. Lakini Oktoba ni mbali, na mimi nina furaha, kwa hiyo sitaki kuifikiria.

Najua ningepiga simu. Ila uliniambia zamani kwamba simu humlazimisha mtu kujibu hapo hapo. Nimempa barua Shibuda, dereva wa fuso la ndizi, anapita Mabawe kila wiki.

Mwanao anayeelea juu ya ardhi,
Suzan

---

Mabawe, Ngara
9 Julai 2024

Mwanangu Suzan,

Marahaba. Mimi mzima. Migomba mitano imekufa, mingine inaendelea. Mbuzi wamekula mihogo ya Leonsia jirani yangu na sasa hatusalimiani, ila nadhani tutapatana ifikapo mavuno. Mgongo hauna shida.

Nimesoma habari zako. Punguza kumwangalia mtu akinywa maji, atapaliwa.

Niambie haya. Huyo kijana aliingia kwa daraja au kwa njia za mtoni? Karatasi aliyonayo ni ya kweli? Ni nani anayemwombea hicho kibali, yeye mwenyewe au wenye kahawa? Wakimkataa wanamwambia kwa barua au wanakuja watu?

Nijibu yote, moja moja.

Shangazi yako,
Marsiana

---

Nyarubungo
16 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa migomba. Shibuda anasema ulimsimamisha njiani ukamuuliza kama Ndizeye ananipiga. Shangazi! Hajawahi hata kuipiga kengele ya baiskeli yake.

Nilikuuliza ni nani aliyetengeneza sanduku. Umejibu kuhusu mbuzi, mihogo, mgongo. Sanduku hukuligusa. Haya, nasubiri.

Majibu yako. Aliingia kwa daraja, mchana, akapigiwa muhuri. Pasipoti ni ya kweli. Anayeomba ni ushirika, na karani wao Bwana Ansbert ndiye anayehangaika, anapanda pikipiki hadi Biharamulo mjini kutuma maombi kwa mtandao. Inabidi waonyeshe kwamba walitafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo wakamkosa. Zinatakiwa vyeti, mkataba na picha. Picha tulirudia mara tatu, kwa sababu walimwambia asicheke na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha. Nikafukuzwa nje. Hati ya ukaazi itaombwa Uhamiaji baadaye. Wakikataa, wanaandika. Hakuna anayekuja.

Sasa sikia hili. Ni lazima aandikwe Mtanzania mmoja ambaye mgeni atamfundisha kazi mpaka aiweze. Bwana Ansbert akauliza kwenye kikao, "Nani ana cheti cha kidato cha nne na kemia yake haikuwa aibu?" Watu wakanigeukia. Kemia nilipata C! Basi mwanafunzi wa mume wangu ni mimi. Serikali inataka anifundishe mpaka asihitajike tena. Ndizeye anasema hajawahi kuona mke anayepewa na sheria haki ya kumrithi mume ulimi.

Jioni ananifundisha nyumbani kwa vikombe vya harusi. Nafyonza taratibu kama bibi harusi, ananiambia, "Hapana, fyonza kama mtu mwenye hasira." Jana nilinusa kitu nikasema kinanukia kama ganda la chungwa. Aliruka akanikumbatia, kahawa yote ikamwagika.

Kuna shida ndogo. Vyeti vyake ni vya Kifaransa. Vimerudishwa, vitafsiriwe na mtu anayetambulika. Bwana Ansbert amekunja uso. Mimi sijakunja, ila nimehesabu siku kwa mara ya kwanza.

Wako,
Suzan

---

Mabawe
24 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Leonsia nimemsalimia.

Usihesabu siku. Achana na tafsiri. Humu ndani kuna barua ya mwenyekiti wa kitongoji, Ildefonce, yenye muhuri. Mpelekee afisa yeyote atakayeuliza. Kirundi na Kihangaza chetu ni mtu na ndugu yake, Ndizeye akifungua mdomo hakuna atakayegundua. Akishakuwa wa hapa, hahitaji kibali cha mtu.

Usimwonyeshe baba yako.

Marsiana

---

Nyarubungo
5 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Ndama mwenye jina langu amevunja ua, ameingia kwenye maharage ya mchungaji.

Barua ya Ildefonce ilifika ndani ya siku mbili. Shangazi, wewe unayekaa wiki tatu bila kujibu salamu, hii umeituma kama moto. Niliifungua nikiwa peke yangu, na sitakuficha, moyo uliruka. Nikaona tumemaliza. Hakuna tafsiri, hakuna tarehe ishirini. Kesho yake ningemwona Ndizeye akienda kazini na kijiko mfukoni.

Nikampa aisome. Aliisoma mara mbili akiwa ameishika kwa pembe, kama kikombe kinachovuja. Inasema, nanukuu: "Mtajwa hapo juu ni mzaliwa wa Mabawe na mtu wa ukoo wetu. Ni fundi seremala, mtu wa amani, na ameishi nasi miaka kumi na tisa."

Akaiweka mezani. Akasema, "Mke wangu, hapa wameniua baba."

Nikamwambia hakuna aliyemuua mtu, ni karatasi tu.

"Baba yangu anaitwa Ciza," akasema. "Yuko hai, ana mbuzi wanne na kifua kibaya. Nikiwa mzaliwa wa Mabawe, yeye ni nani? Na yule aliyepigiwa muhuri darajani mchana kweupe ni nani? Watakuwa na Ndizeye wawili ofisini, na watawafukuza wote wawili."

Halafu akanishika mkono, akasema kwa upole, "Mwambie masenge namshukuru. Anipende hivi hivi, nikiwa wa kwetu." Masenge ndivyo wanavyomwita shangazi kwao. Nililia kidogo. Ni mwanaume gani huyu niliyepewa?

Lakini sikuichana, Shangazi. Nimeirudisha ndani ya sanduku.

Na sasa niulize, maana silali kwa udadisi. Ndizeye ana miaka ishirini na tisa na hajawahi kukanyaga Mabawe. Hajui kushika msumeno, juzi alipigilia kigingi cha kamba ya nguo kikaingia upande. Ildefonce alimtoa wapi huyu seremala wa miaka kumi na tisa? Inaonekana amenakili barua nyingine na kubadilisha jina tu. Ilikuwa barua ya nani?

Wako anayesubiri,
Suzan

---

Nyarubungo
10 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya tano sasa na hujajibu. Shibuda anasema alikuona shambani ukapunga mkono, kwa hiyo najua u mzima.

Tafsiri ya vyeti imepatikana na maombi yametumwa upya. Kimya. Zimebaki siku arobaini. Ndizeye anakata majani ya ng'ombe wa jirani, bure, ili asikae bure. Mimi bado namwangalia akinywa maji, ila siku hizi namwangalia kama mtu anayekariri.

Juma lililopita niliichukua ile barua ya Ildefonce. Niliiweka kwenye mkoba, nikamwambia Ndizeye naenda kununua sabuni, nikaenda hadi kituo cha magari ya kwenda Biharamulo. Nilikaa pale, magari mawili yakaja yakaondoka. Niliwaza afisa akiniuliza, "Dada, baba yake huyu ni nani?" nami nisingeweza kulitaja jina la Ciza. Nikanunua sabuni, nikarudi. Sasa umejua, na yeye hajui.

Kisha nilikwenda Nyakahura nikamuuliza baba kuhusu seremala. Alikuwa anakula. Akaacha ugali nusu, baba yangu mimi, anayewahubiria watoto kwamba chakula hakiachwi! Akasema, "Muulize shangazi yako." Nikamwambia shangazi hajibu. Akasema, "Basi jua ana sababu, na sababu ni mimi." Akavaa kofia akaenda kwa ng'ombe.

Sitaki kukuumiza. Nataka tu kujua.

Suzan

---

Mabawe
29 Septemba 2024

Mwanangu Suzan,

Marahaba. Maharage nimeanza kupanda. Leonsia amenipa mbegu.

Umeuliza mara nne, najibu mara moja.

Sanduku lilitengenezwa na Evaristi. Alitoka Muyinga, Burundi, akiwa kijana na begi la randa na patasi. Alitengeneza madawati ya shule yetu na milango ya nusu ya Mabawe. Alinioa kanisani. Hatukupata mtoto, na hakuwahi kunilaumu. Wakati ule mlikwisha kuhamia Nyakahura, ulikuwa mdogo, ulimwona mara mbili. Alikaa chini akakutengenezea ng'ombe wa mti.

Ilipofika ile miaka ya kuambiwa wasio na karatasi warudi kwao, alikuwa na miaka kumi na tisa hapa. Ildefonce aliandika barua. Ilibaki sahihi ya mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo ni kaka yangu Danstan, baba yako. Nilimfuata hadi Nyakahura. Aliisoma, akanirudishia. Akasema, "Siwezi kumwandikia serikali uongo. Huyu si wa ukoo wetu." Evaristi aliondoka Jumanne, akiwa amebeba begi lile lile. Randa kubwa aliisahau. Au aliiacha.

Tangu hapo sijala nyumbani kwa baba yako. Ndiyo maana sikuja harusini. Alipokuoza kwa Mrundi huku anacheka na kugawa soda, nisingeweza kukaa kwenye kiti na kupiga makofi. Si wewe. Usidhani ni wewe.

Ile barua niliihifadhi. Nilipoona unahesabu siku, nilimpelekea Ildefonce, nikamwambia badilisha jina. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akabadilisha jina tu. Nilitaka kukupa nilichokosa mimi.

Mume wako amesema wamemuua baba yake. Nimekaa na neno hilo wiki hizi zote. Evaristi naye alikuwa na baba. Mimi nilikuwa tayari kumfuta huyo mzee asiyenijua ili nibaki na mwanawe. Na hakuna aliyetuambia kwamba iko njia ya tatu. Tulijua mbili tu, kuwa wa hapa au kuondoka. Hatukujua kuna karatasi inayosema huyu ni mgeni, jina lake hili, baba yake yule, na abaki.

Mengine siandiki.

Ichane ile barua.

Marsiana

---

Nyarubungo
21 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi, mpenzi, mpenzi,

Shikamoo! Kimetoka! Kibali kimetoka!

Kilitoka tarehe kumi na sita, siku nne kabla. Bwana Ansbert alikuja na pikipiki huku anapiga honi tangu barabarani, tukadhani amefiwa. Ni cha miaka miwili. Jina, Ndizeye. Uraia, Burundi. Kazi, mwonjaji wa kahawa. Nimekisoma mara nyingi mpaka nimekikariri kama Salamu Maria. Neno "Burundi" nililiogopa miezi yote hii, sasa limekaa pale kwa herufi kubwa na halimfukuzi mtu.

Ilibaki hati ya ukaazi, na hapo nina habari yako peke yako. Barua yako niliisoma mara nne. Sikujua niifanyeje, nikampelekea baba aisome. Nisamehe. Aliisoma akiwa amesimama. Asubuhi yake, tarehe kumi na saba, alifika hapa kabla hatujanywa chai, amevaa koti la kanisani, goti limefungwa kitambaa. Akamwambia Ndizeye, "Twende Uhamiaji."

Ndizeye anasimulia kwamba afisa wala hakumhitaji baba. Karatasi zilikuwa sawa. Lakini baba hakukaa chini. Alisimama mbele ya meza, akasema, "Mimi ni Danstan wa Nyakahura. Huyu ni Mrundi. Si wa ukoo wetu. Ni mkwe wangu, na namtaka hapa." Afisa akamjibu, "Sawa mzee, nimekuelewa, kaa." Baba akasema tena, yote, tangu "Mimi ni Danstan." Akasimama kidogo, kama anasubiri mtu mwingine amjibu. Ndipo akakaa. Maombi ya hati wameyapokea, tunayo risiti na Ndizeye yuko salama.

Njiani akamwambia Ndizeye, "Maneno machache hivyo. Kumbe yalikuwa machache hivyo."

Leo Ndizeye ameingia kazini. Alivaa shati la harusi! Nami nilikuwa mezani kama mwanafunzi wake. Wakulima walijaa madirishani. Alipofyonza kile kikombe cha kwanza, mzee mmoja akasema, "Huyu analipwa kwa kukosa adabu?" wote wakacheka, na Ndizeye akacheka mpaka akapaliwa. Ulisema atapaliwa.

Barua ya Ildefonce sikuichana, Shangazi. Naomba usikasirike. Nimekata jina la Ndizeye kwa mkasi, nikalitupa jikoni. Iliyobaki nakurudishia humu ndani. Ni ya mwenyewe.

Baba anauliza kama ukija Krismasi utakula. Ameniambia nisiseme kwamba anauliza.

Wako mwenye furaha isiyo na adabu,
Suzan

---

Mabawe
2 Novemba 2024

Mwanangu Suzan,

Marahaba. Mvua imeanza vizuri. Maharage yameota.

Mpongeze mume wako. Mwambie namwita mwanangu, na salamu zangu azifikishe kwa mzee Ciza, na dawa nzuri ya kifua ni asali na tangawizi.

Barua yenye tundu nimeipokea. Nimeiweka.

Mwambie baba yako kwamba Krismasi nitakuja. Kama nitakula, itategemea nani anapika.

Sasa nami nina maswali, unijibu moja moja. Evaristi yuko hai. Yuko Muyinga. Huniandikia kila Pasaka kupitia parokia, na sijawahi kumjibu, kwa sababu hakuna jipya nililokuwa nalo la kumwambia. Wiki iliyopita nimemwandikia.

Kwa hiyo muulize Bwana Ansbert. Huo ushirika wenu hauhitaji mtu wa kutengeneza meza za vikombe na vitanda vya kuanikia kahawa? Iko fomu inayompokea seremala wa miaka sitini na mmoja? Anaanza na pasipoti au anaanza na picha? Aje kwa daraja, hilo nimekwisha kumwambia, mchana, na atoe jina la baba yake lote.

Na yule Mtanzania wa kufundishwa kazi, je, umri wake una kikomo? Kidato cha nne sina, darasa la saba ninalo. Ile randa nimekuwa nikiipaka mafuta kila mwezi. Jana nimeinoa, nikarandia ubao wa mlango wa mbuzi. Umenyooka kuliko kigingi cha mume wako.

Waandike jina langu hapo.

Shangazi yako,
Marsiana